Filta Aliyoifunga Nyar Sindo

Chrispine alikuwa amefika nusu ya sahani yake ya nyoyo, mahindi na maharagwe ya jana yaliyokaangwa upya kwa kitunguu, pikapu ya Zilpah ilipoanza kukohoa kule kwenye kilima. Hakuinua kichwa. Aliijua pikapu ile kwa kikohozi chake, na kikohozi cha leo kilisema filta ya dizeli imeziba. Aliendelea kutafuna mpaka ilipojikokota na kuzima mbele ya gereji yake, pale Karungu, kwenye barabara itokayo Migori kwenda Sindo.

Zilpah mwenyewe alikuwa nyuma, ndani ya jeneza.

Kwa miaka mingi alikuwa akiiendesha pikapu hiyo mwenyewe, akichukua omena, wale dagaa wa ziwani, huko Sindo na kuziuza Migori. Aliwahi kuolewa upande wa Rangwe, ndoa ikavunjika, akarudi kwao. Huko kwao alimjengea mamake nyumba ya mawe, akachimbisha kisima, akaweka na lango la chuma ambalo wapita njia walisimama kulitazama. Watu wa barabarani walimwita Nyar Sindo, yaani binti wa Sindo, na aliitika jina hilo kwa madaha kidogo, maana mtu aliyefukuzwa kwa watu hupenda kukumbushwa kwamba ana kwao.

Yeye ndiye aliyemfunza Chrispine kubadilisha filta. Siku hizo Chrispine alikuwa fundi mwenye spana kubwa na subira ndogo. Alikaza kila kitu mpaka kilie, kwa sababu mafundi wa barabara ile wanaogopa jambo moja tu, kurudishiwa gari. Zilpah alimpokonya spana mkononi. "Filta inafungwa na mkono," alimwambia. "Paka raba yake dizeli, zungusha mpaka iguse, halafu ongeza kidogo tu. Si siku moja itafunguliwa?" Tangu hapo filta ya pikapu ile Zilpah aliifunga mwenyewe na hakumruhusu mtu mwingine kuigusa.

Mlango wa dereva ukafunguliwa. Alishuka Stanley, kakake marehemu, amevaa suti nyeusi na simu iko sikioni. Upande wa pili alishuka waya Mellen, shangazi yao, akajinyoosha mgongo na kumwomba Chrispine maji ya kunywa. Stanley alikuwa akizungumza na vijana waliokuwa wakichimba kaburi.

"Mchimbe tu pale tulisema," alisema. "Nje ya ua, upande wa njia ya ng'ombe. Wazee wamekataa kabisa, na mimi siwezi pigana na wazee."

Alipomwona Chrispine akashusha sauti, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka. Wala hayakuwa mageni. Mila ile ilikuwa ya Chrispine pia: binti aliyeolewa akaachika hazikwi ndani ya boma la babake, asije akawaletea mkosi walio hai. Huzikwa nje ya ua. Angekuwa amejenga nyumba kumi, ua haukumhesabu. Lango la chuma lingefunguliwa wageni waingie matangani, na yeye angebaki upande wa pili.

"Pole kwa msiba," Chrispine alisema, akafungua boneti.

Filta ilikuwa nyeusi kwa masizi na kutu kidogo kuzunguka ukingo. Aliishika kwa mkono, kwa kuwa ilikuwa imefungwa na Zilpah, na kazi ya Zilpah haikuhitaji chuma. Haikusogea. Akaizungushia msasa ili isiteleze, akajaribu tena. Safari hii ilizunguka kidogo kuelekea kushoto, kisha ikarudi taratibu pale ilipokuwa. Akanyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, akangoja, akaleta spana ya mnyororo. Ikaenda kushoto, ikarudi kulia. Mafundi wakishindwa kabisa huitoboa filta kwa bisibisi, ikatokea upande wa pili, wakaitumia bisibisi hiyo kuwa mpini wa kuzungushia. Ni kazi chafu, na mara nyingi mkebe huchanika. Chrispine alichukua bisibisi ndefu na nyundo.

"Chrispine, ukitoboa utaniharibia hiyo kitu," sauti ikasema. "Halafu wewe si fundi wa kutoboa."

Ilitoka chini ya filta, ikikwaruza kidogo kwa baridi ya mochari. Chrispine aliweka nyundo chini, akatandika gunia na kuingia uvunguni. Mkono ulikuwa pale, umeishika filta kutoka chini. Aliutambua kwa kovu la zamani la kukatwa na kioo cha karabai, taa ya wavuvi, na kwa jinsi ulivyoshika, vidole vyote vitano vimetulia, bila kukaza misuli. Akatoka, akajipangusa vumbi, akawaeleza wenye msiba kwamba filta haina shida yoyote ila marehemu ameishika.

Waya Mellen alirudisha kikombe. "Nilijua tangu kwa kilima," alisema. "Gari ya maiti ikisimama, mnatafuta mafuta ya nini? Aongeleshwe."

Hivyo ndivyo hufanywa. Stanley akainama juu ya injini, mkono mmoja umeshika tai isichafuke.

"Dada, tunakupeleka nyumbani," alisema. "Watu wanangoja, na jua inaenda. Tupatie njia."

"Nyumbani ndani ama nyumbani nje?" Zilpah akauliza.

Stanley aliitazama redieta kwa muda. "Ndani," alisema. "Karibu na nyumba ya mama."

Lori la mchanga lilipita, dereva wake akapunguza mwendo na kuvua kofia kwa ajili ya jeneza.

"Chrispine," Zilpah alisema, "anasema ukweli?"

Chrispine aliwatazama wote wawili. Stanley alikuwa anasoma maandishi ya mfuniko wa betri. Waya Mellen alikuwa amefumba macho, na hakuna aliyejua kama anaomba au anasinzia. Chrispine aliwaza joto, na mwili ule, na waombolezaji waliokaa juani tangu asubuhi. Aliwaza pia kwamba haya ni mambo ya ukoo wa watu, na fundi hatoi hukumu kwenye boma lisilo lake. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu la swali aliloulizwa.

"Ni ukweli, Nyar Sindo," akasema. "Legeza."

Akalegeza. Filta ilizunguka kwa vidole viwili tu, ikatoka, ikamwagia viganja vyake dizeli iliyochanganyika na tope. Chini ya kiti kulikuwa na filta mpya ambayo Zilpah aliiweka akiba, imefungwa kwenye leso. Chrispine aliijaza dizeli safi, akapaka raba yake, akaizungusha mpaka ikagusa, akaongeza kidogo. Akapiga pampu ya mkono kutoa hewa. Pikapu ikawaka mara moja, na Stanley akamshukuru kwa kumshika mkono bila kumtazama machoni.

Chrispine alikwenda nao Sindo, isije gari ikazima tena. Aliketi nyuma kando ya jeneza, akaushikilia mfuniko kwenye mashimo ya barabara, ingawa ulikuwa umepigiliwa misumari. Walipofika, pikapu haikupita kwenye lango. Ilizunguka nje kufuata ua wa minyaa hadi kwenye njia ya ng'ombe, ambako shimo lilikuwa tayari na udongo wake mwekundu bado una unyevu. Mchungaji alihubiri vizuri. Alisema marehemu alikuwa nguzo ya boma hili, watu wakaitikia amina. Jeneza lilishuka bila matata. Kamba hazikunasa, hakuna aliyeteleza, na hakuna chochote kilichoshikwa.

Hapo ndipo Chrispine alipoelewa alichokifanya. Maiti hana kura kwenye kikao cha wazee. Katika mali yote aliyoitafuta duniani, Zilpah alikuwa amebakiwa na kitu kimoja cha kushikilia, filta ya dizeli, na yeye ndiye aliyemwachisha. Angesema "nje," pikapu ingekaa pale Karungu mpaka wazee wenyewe waletwe kwa pikipiki, wakae juani, waamue upya mbele yake. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Ya Chrispine hayakungoja ukoo, yalizaliwa pale pale kaburini, na hakukuwa na wa kumwachia ayalee.

Stanley alirithi pikapu na biashara ya omena. Dizeli ya huku si ya kuaminiwa, na kila filta ilipoziba aliileta Karungu, maana mafundi wa Sindo walikuwa wamejaribu na kushindwa. Alikuwa akiegesha, anaagiza chai kwenye kibanda cha Bathsheba ng'ambo ya barabara, anasoma habari kwenye simu. Chrispine alifungua boneti, akaushika mkebe, na mkono ukawa pale.

"Ndani ama nje?" Zilpah aliuliza kila mara.

"Ndani," Chrispine alijibu kila mara, akazungusha.

Watu wa Karungu walilizoea jambo hilo. Mteja aliyefika kwa ajili ya kuziba pancha alisubiri zamu yake huku mazungumzo yale yakiendelea, akamsalimu marehemu kwa heshima, akauliza za Sindo. Zilpah alisema ni nzuri.

Mwezi uliopita Stanley alikuja na nguzo za mikaratusi zimejaa nyuma ya pikapu. Minyaa ilikuwa imezeeka na sasa alitaka kujenga ua mpya wa nguzo na waya, wa kudumu. Chrispine alizitazama nguzo zile. Alimfuata Stanley mpaka kwenye chai yake.

"Kwa vile unachimba mashimo mapya," alimwambia, "si usogeze ua kidogo, ukapita nyuma ya dada yako? Ni hatua chache tu."

Stanley alikipuliza kikombe. Hakukasirika. Ilionekana ni jambo alilokwisha kulifikiria usiku kucha, zaidi ya mara moja. "Unajua wazee," alisema. "Ua ni pale ilikuwa."

Chrispine akarudi kwenye injini, akashika filta.

"Ndani ama nje?"

Safari hii hakuzungusha. "Nje, Nyar Sindo," akasema. "Njia ya ng'ombe. Hata siku ile ilikuwa nje, na nilijua. Nisamehe."

Mkono haukusogea. Ng'ambo ya barabara Bathsheba alikuwa anasuuza vikombe.

"Chrispine, mimi ndiye ninalala huko," Zilpah akasema. "Ng'ombe wananipita kila asubuhi. Ulidhani nauliza kwa sababu sijui?"

Kisha akalegeza, taratibu, mpaka filta ikamjia Chrispine viganjani. Zilpah hakuwahi kuwa mtu wa kushikilia kitu ukimwomba vizuri. Ndivyo alivyojenga nyumba ile, na ndivyo walivyompeleka nje.

Chrispine alijaza filta mpya dizeli, akapaka raba yake, akaifunga kwa mkono. Stanley alivuka barabara akijifuta mdomo.

"Amesema nini leo?"

"Amesema ng'ombe wako wanampita kila asubuhi."

Stanley akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa salamu, akawasha gari na kuelekea Sindo na nguzo zake. Chrispine alinawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, akanawa tena. Nyoyo ya siku hiyo ilikuwa imepoa. Akaila hivyo hivyo.