Insha ya Kupinga Kamera

Darasani walimwita Wakili, na jina hilo alilipenda kupita kiasi. Ukimwambia kumekucha, atadai ushahidi. Kwa hiyo siku mwalimu wa Kiswahili alipoandika ubaoni, "Shule ifungwe kamera za ulinzi: unga mkono au pinga," binti huyu alishakuwa upande wa kupinga kabla mwalimu hajageuka.

"Hoja tupu hazimshawishi mtu," mwalimu alisema. "Nataka mfano hai. Na muwe huru, karatasi zitabaki kati yangu na nyinyi."

"Kweli, mwalimu?"

"Nimewahi kuwadanganya?"

Hakuwahi. Ndiye mwalimu pekee aliyeweza kukuuliza mbona macho mekundu, ukamjibu ukweli.

Wakili akajaza kurasa mbili kuhusu haki na uhuru. Alipozisoma, zilimchosha hata yeye mwenyewe. Ndipo akamkumbuka rafiki yake, waliyekuwa wakiitana pacha ingawa hawakuwa hata na udugu wa mbali. Pacha alikuwa na mtoto wa miezi minne, aliyemzaa wakati wa likizo ndefu, na shuleni siri hiyo aliijua Wakili peke yake. Kila mapumziko ya saa nne, shangazi yake Pacha alimleta mtoto kwenye uzio, nyuma ya stoo ya madawati mabovu, palipokuwa na upenyo. Pacha alinyonyesha kwa dakika kumi, kisha akarudi mbio darasani, sweta limefungwa vifungo upande. Wakili alisimama kwenye kona ya stoo, tayari kukohoa akimwona mtu. Sheria ya shule haikuwa na mzaha: mwanafunzi mwenye mtoto hafai, arudi kwao.

Basi akaandika. Jina hakulitaja, hilo alijisifia sana. Lakini saa aliitaja, stoo aliitaja, na upenyo wa uzio akaueleza vizuri hata kipofu angeufikia. "Mkifunga kamera," akamalizia, "dakika zake kumi zitakwisha, na masomo yake yatakwisha siku hiyohiyo."

Jumatatu asubuhi karatasi zikarudishwa. Yake ilikuwa na ishirini na tisa kwa thelathini, na chini yake wino mwekundu: "Umenishawishi." Kichwa kikamvimba kabisa. Mpaka saa nne alikuwa ameshaisoma mara sita.

Alikuwa kwenye kona yake alipomwona mwalimu mkuu anakuja, na mwalimu wa Kiswahili nyuma yake. Akakohoa. Akakohoa tena, mpaka machozi yakamtoka. Mwalimu mkuu akampita kama nguzo. Mkononi alikuwa na nakala ya insha, na Wakili aliutambua mwandiko wake kwa mbali.

"Nilijiuliza tutawashawishi vipi wazazi juu ya kamera," mwalimu mkuu alisema alipofika kwenye uzio, akimtazama Pacha anayehangaika na sweta. "Kumbe kazi imeshafanywa. Wewe, nenda kachukue vitu vyako."

Wakili akamgeukia mwalimu wa Kiswahili.

"Ulisema zitabaki kati yetu!"

"Nilimwonyesha kwa kuisifu tu, mwanangu," alijibu, macho yameganda kwenye viatu vyake. "Ilikuwa nzuri mno. Sikudhani..."

Hakudhani! Mtu mzima, ana miaka kumi na tano kazini, hakudhani. Wakili alitamani kumtupia maneno yote aliyokuwa nayo. Alikuwa amemwamini mtu huyu kuliko baba yake.

Akamkimbilia Pacha darasani. Alimkuta anapanga madaftari kwenye mfuko wa plastiki, taratibu, makubwa chini na madogo juu.

"Mwalimu katusaliti," Wakili akasema huku analia. "Aliahidi! Mimi nilikuwa nakutetea. Isome uone, nilipinga kamera kutoka mwanzo hadi mwisho."

Akamnyooshea karatasi. Pacha hakuipokea. Aliufunga mfuko fundo, akaupima uzito kwa mkono, kisha akamtazama rafiki yake usoni.

"Kamera hata hazijafungwa," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unaniona."

Akatoka. Mtoto alisikika akilia nje ya uzio, hajashiba.