Barua Nilizojinyima

Mimi kitu cha thamani sikikabidhi kwa mtu. Najitumia mwenyewe kwa barua pepe. Miaka ishirini ya ukarani wa mahakama imenifunza hivyo. Kwa hiyo mama alipoambiwa atapasuliwa koo na sauti haitarudi, nilikaa naye siku tatu nikimrekodi kwa simu: akisimulia, akinisema, akicheka. Rekodi kumi na moja. Kila moja nilijitumia, ili niikute kwenye kompyuta nyumbani.

Hata mwezi haukuisha, mama akiwa ameshapasuliwa, simu ikatumbukia kwenye ndoo ya nguo na kufa pamoja na nakala zote zilizokuwamo. Sikushtuka. Nikafungua kompyuta: barua za ofisini zipo, za matangazo tele, zangu hakuna hata moja. Hapo ndipo nilipokaa sakafuni nikalia.

Mume wa dada yangu ni fundi wa kompyuta. Namwita Kobe, maana haraka haijui tangu tumboni mwa mama yake. Alikuja, akaomba chai, akainywa yote, ndipo akaketi mbele ya mashine.

"Shemeji, hebu jitumie barua."

Nikajitumia. Haikuja. Akanitumia yeye, ikaingia papo hapo.

"Kompyuta ni nzima," akasema. "Anayekataliwa hapa ni wewe tu."

"Kobe, sauti ya mama imo humo! Acha mafumbo."

Aliingia kwenye tovuti ya barua, zinakofikia kabla kompyuta haijazichukua, akafungua masharti ya akaunti yangu. Lilikuwapo moja tu: kila barua inayotoka kwenye anwani yangu itupwe kwenye taka. Na kompyuta yangu taka haigusi.

"Nani kaweka hili?"

Nikakumbuka, nikaona haya. Mwaka uliopita tapeli alinitisha kwa barua iliyojifanya imetoka kwangu mwenyewe. Kwa ukali wangu nikaamuru anwani ile isinifikie tena kamwe, nikalala nikijisifu kwamba nimemkomesha. Hasira hasara.

"Taka hufutwa baada ya siku thelathini," Kobe akasema. "Ulizituma lini?"

Nikahesabu kwa vidole. "Ya kwanza ina siku ishirini na tisa."

Sijawahi kumwona Kobe ana haraka, ila siku ile nilimwona. Akafungua taka: zote kumi na moja zilikuwamo. Akazihamisha, akalifuta lile sharti, na kompyuta ikazishusha moja baada ya nyingine. Nilimshika mikono yote miwili nikamshukuru mpaka akatafuta pa kutazama. Miaka yote nilimcheka, na ndiye aliyenirudishia mama.

Jioni tulimpelekea mama kompyuta kitandani. Sauti yake ikajaa chumbani, ikinigombeza kwa kutokula vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtoka, akitabasamu. Kisha akavuta daftari lake akaandika:

"Mama huyu ana maneno! Mwambieni aendelee."

Kobe akabonyeza ya pili.