Mzigo wa Cucu Wamuyu

Mwanamke yeyote wa Kiritiri aliyeleta plastiki kwa Felicitas alijua kwamba hapokewi hivi hivi. Felicitas angemtua mzigo, ampe kikombe cha uji, halafu apekue gunia mpaka chini kama askari wa kizuizi cha barabarani.

"Wewe Mama Wamuyu, hata mchumba wangu hakunikagua hivi," Karimi alimtania siku moja.

"Ndiyo maana ukapata yule," Felicitas akamjibu, na wote wakacheka mpaka mtoto akashtuka mgongoni mwa Felicitas.

Lakini hakuwa akicheza. Kwenye kisomo cha jioni, mwalimu Mwaniki alikuwa amewaeleza kwamba plastiki si lazima ichomwe ovyo iwatoe watu machozi, inaweza kupikwa ikatoa mafuta. Njue, mumewe Felicitas, fundi wa kuchomelea vyuma, akaunda pipa lisiloingiza hewa. Moto ulikaa chini. Mvuke ulipanda, ukapita kwenye kikapu cha chuma kilichojaa udongo mweupe uliookwa, na udongo ule ukaukatakata mvuke mzito ukawa mwepesi. Kisha ukapoa ndani ya bomba lililolazwa majini, ukadondoka mafuta, mekundu kama chai ya turungi.

Injini waliyoiwazia ilikuwa moja tu: pampu ya kisima cha kanisa, iliyonyamaza tangu kamati ishindwe kununua dizeli. Mzee Ndambiri, mwenyekiti, alikubali shingo upande. "Mkiniharibia pampu," alisema, "msinirudie tena na mambo ya takataka."

Pampu ikinguruma, Felicitas hangeshuka tena mtoni alfajiri, mtoto kifuani na mtungi mgongoni. Aliutengea mtungi wake wa njano mahali kando ya pipa. Maji yakija yakakaa, nao utapikwa, alisema. Utakuwa wa mwisho.

Kitu kimoja tu hakikutakiwa: paipu za kijivu za maji. Hizo zikipikwa hutoa asidi inayokula chuma. Mwalimu aliwafundisha kuzitambua: pasha waya wa shaba, uuguse kwenye plastiki, uurudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani, tupa mbali. Waya huo Felicitas aliuvaa mkononi kama bangili.

Siku ya kupika mafuta ya pampu, Cucu Wamuyu, bibi wa mtoto, mama yake Njue, aliingia uani ameinama, kamba imemkaza kipaji cha uso, gunia limeshonwa mdomo kwa katani.

"Nitue, mwanangu, kabla sijazikwa na uchafu wako."

"Cucu! Umebeba mawe?"

"Nimebeba jasho. Sasa lete mimi mdogo nijibebe."

Mtoto alikuwa na jina lake, maana msichana wa kwanza humrudisha kwa jina mama wa baba. Cucu akampakata, akamnusa shingo. Felicitas akachukua kisu akate uzi wa gunia, akaingiza mkono.

Kicheko cha wanawake waliokuwa uani kikakatika.

"Unatafuta nini humo?" Cucu aliuliza.

"Ni kuangalia tu, Cucu. Kila mtu naangalia."

"Kila mtu. Mimi nimezaa huyo fundi wako. Jina la mwanao ni langu. Leo napekuliwa kama mwizi wa kuku, mbele ya wanawake?"

Mzigo wa mama mkwe haupekuliwi. Unapokewa kwa mikono miwili, unashukuriwa, basi. Felicitas alimtazama Njue. Njue alikuwa amepata nati ya kukaza.

"Asante, Cucu," Felicitas akasema. Akainua gunia, akalimimina pipani. Kati ya vipande vya mitungi, rangi ya kijivu ilipita mbele ya macho yake. Aliiona. Akafunga kifuniko.

Mafuta yalitoka, yakiwasha pua kuliko siku zote. "Ni udongo mpya," Njue alisema, na Felicitas akaitikia.

Pampu iliwaka. Maji yalitoka na matope, halafu yakatoka meupe, na wanawake wakaimba mpaka sauti zikakauka. Felicitas alimwogesha mtoto kwa maji ya beseni zima, akayamwaga yote kwenye mgomba bila kuyahurumia. Siku chache baadaye, Njue akiwa ameinua panga aukate mtungi wa njano, Karimi alikuja mbio kusema pampu imekohoa, imekufa.

Fundi aliitwa kutoka Embu. Alifungua injini, akaonyesha vyuma vya ndani vilivyolika kama mahindi yenye fukusi.

"Nani alikagua hizi plastiki?" Mzee Ndambiri aliuliza watu walipokusanyika kisimani.

Macho yote yakamgeukia Felicitas. Naye alimtazama Cucu, aliyeketi kwenye jiwe, Wamuyu mdogo amelala mapajani pake.

"Nilikagua mimi," alisema.

"Kisomo cha jioni!" Mzee akacheka kwa pua. "Kumbe mlisoma gizani. Mambo ya pipa yameisha hapa."

Cucu ndiye aliyesimama kumtetea. "Mwanangu amekosa," aliwaambia watu, kichwa ameinamisha. "Ni mtoto bado. Naomba mumsamehe." Wazee wakaitikia kwa vichwa, wakasema yule ni mama kweli.

Njiani kurudi, Cucu alimshika Felicitas mkono. "Usilie. Unajua, zile zangu nilizichimbua mwenyewe. Paipu za ule mradi wa maji wa zamani, walizizika shambani kwangu Njue akiwa bado anatambaa. Hata tone halijawahi kupita. Nikazikata kwa panga, nikasema, hata nyinyi mtaleta maji, siku moja tu." Akamtazama usoni. "Zilikufaa?"

Felicitas aliuzungusha waya mkononi mpaka ukamwumiza.

"Zilileta, Cucu," alisema. "Zilileta maji."

Alfajiri alimfunga mtoto kifuani, akauchukua mtungi wa njano kando ya pipa lililopoa, akautia kamba, akashika njia ya mtoni.