Kome wa Nyuma ya Gati

Darubini hakupewa jina hilo na mama yake. Walimbandika wenzake wa maabara, kwa kuwa alikuwa na macho ya kumwona kiroboto akipiga miayo. Kazi yake ilikuwa kusoma vinasaba vya kome waliokusanywa kwenye ghuba nne, na kwa kila mtu, yeye akiwemo, kome ni kome: gamba jeusi, nyama ya manjano, basi.

Ndiyo maana hakuona dhambi kubwa siku alipochomoa waya wa jokofu ili achemshe maji ya chai, akasahau kuurudisha. Vipande vya kome wa ghuba ya nne vikaoza, vikanuka hadi mlinzi wa getini akauliza nani kafariki. Kurudi kule kulitaka boti, boti ilitaka barua, na barua ilimtaka mkuu, naye yuko safarini. Mchana huohuo dada yake akamletea bakuli la kome, kama kawaida yake, kutoka kwenye mwamba anaouvuna nyuma ya gati. Darubini akakata vipande, akavitia kwenye vichupa vya ghuba ya nne, nyama iliyobaki akaichemsha akala. Nani angejua?

Vinasaba vikajua. Ghuba tatu zilikuwa ukoo mmoja. Hiyo iliyoitwa ya nne ilikuwa ukoo mwingine kabisa, uliotengana na wenzake tangu milima ikitambaa, ingawa kwa macho wanafanana kuliko mapacha. Akarudia kipimo. Majibu yaleyale.

Mkuu wa maabara, waliyemwita Bwana Subiri kwa sababu ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila ombi, safari hii hakutaka kusubiri. Spishi mpya hiyo. Akaagiza popote wanapoishi kome hao pafungwe, asiguswe hata mmoja.

Darubini akaenda kwa dada yake. Huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na mwamba ule ndio uliowalisha wote wawili. Sasa unamlisha dada na wanawe. Akamweleza yote, hata habari ya chai. Dada akacheka, akasema kumbe miaka yote anauza watu wa heshima bila kujua. Kisha kisu alichokuwa akikwangulia magamba kikasimama.

"Kwa hiyo ni wewe peke yako unayejua wametoka kwangu."

"Mimi na wewe, dada."

"Basi tunatosha. Waache wafunge hukohuko ghuba ya nne, hakuna anayevuna kule. Wewe nyamaza tu, mdogo wangu."

Darubini akauliza kama siku hizi wanapatikana kama zamani. Dada akasukuma beseni mbele yake: wote wadogo, kama ukucha wa kidole gumba. Wakubwa wamekwisha, akasema, ila bahari haikosi.

Msafara ukaenda ghuba ya nne. Bwana Subiri, suruali kaikunja magotini, akageuza mawe kama aliyepoteza pete ya ndoa. Waliookotwa wakapimwa: ukoo wa kawaida. Wakarudi tena, wakakosa tena. Bwana Subiri akaketi majini na suruali yake, akasema kwa sauti ya mfiwa kwamba wamechelewa, viumbe wamekufa kabla ya kupewa jina.

Darubini akamtazama alivyoloa. Alijua wako hai, na alijua wanavyokwisha, beseni kwa beseni.

"Hawajafa," akasema. "Hawakutoka hapa."

Walipofika nyuma ya gati, maji yalikuwa yamekupwa na dada yuko mwambani, ameinama. Akawaona wakishuka ngazi, akaona nani ametangulia. Kisu kikaanza kwenda mbio, kinabandua kila aliyeshikilia, hata wale wadogo kama punje, kama mtu anayeokoa vyombo nyumba ikiungua. Darubini akamshika mkono.

"Niachie," dada akasema, bila kupandisha sauti. "Ungengoja basi wanangu wakue."

Hakumwachia. Mkono uliomlea ukavuta, ukavuta tena, na nyuma yao Bwana Subiri alikuwa ameshapiga magoti kwenye mwamba, akihesabu waliobaki kwa furaha.