Nyumba Isiyo na Mwenyewe

Dalali alikuwa na pua ya kunusa matatizo. Alipita chumba hadi chumba, mikono mgongoni, akafungua mabomba, akagonga kuta, kisha akasimama ukumbini mbele ya mbao ndefu iliyopigiliwa ukutani usawa wa kiuno.

"Hii ya nini?"

"Ya mama," alijibu Kitinda, binti wa mwisho wa nyumba ile. "Alipopooza upande mmoja, alikuwa anaishika akienda chooni."

"Ing'oeni. Mnunuzi akiiona atajua mlikuwa na mgonjwa, halafu atauliza alifia chumba gani."

Kaka mkubwa akacheka kana kwamba ameambiwa mzaha. Alikuwa amekuja juzi kutoka mji mwingine, na viatu vyake vinavyong'aa, kumsaidia mdogo wake kuandaa nyumba. Kusaidia kwenyewe kulikuwa kunyoosha kidole. Kitinda ndiye aliyeng'oa misumari, akaziba matundu, akapiga msasa, akapaka rangi ukumbi mzima hadi mabega yakamkataa. Wanasema mkubwa ni jalala. Katika familia ile jalala alikuwa kitinda mimba. Kila mtu alimwaga taka zake pale akaondoka, na hakuna aliyerudi kuuliza kama limejaa.

Kuuza alikubali. Hilo lisemwe wazi, asije akaonekana king'ang'anizi. Ndugu zake walikuwa na nyumba zao. Yeye ujana wake uliishia kumgeuza mama kitandani asitoke vidonda. Fungu lake lingemtosha kuanza maisha mahali pengine. Kitu kimoja tu alikuwa anakingoja: kaka yake aseme, hata mara moja, mbele ya watu, kwamba huyu ndiye aliyemtunza mama yetu. Siku ya mazishi kaka aliwashukuru madaktari, majirani, hata wenye viti vya kukodi. Kitinda alikuwa amesimama palepale, ubavuni pake, na hakutajwa.

Asubuhi ya kuja wateja, dalali akaleta agizo jipya.

"Dada, leo wewe huishi humu. Watu wanaogopa nyumba yenye ndugu ndani, wanaona kesi tu. Tutasema wewe ni mfanyakazi, unakuja kusafisha."

Kitinda akamtazama kaka yake, akitegemea atakataa.

"Ni kwa leo tu, mdogo wangu," kaka akasema. "Funika kombe mwanaharamu apite."

Kombe lilikuwa yeye. Hata hivyo alifunga kitambaa kichwani, akashika ufagio. Alijiambia kwamba biashara ikishaiva kaka atamkumbuka. Mtu akizoea kunyimwa hujifunza kujidanganya mwenyewe, kazi ambayo wengine wangemfanyia bure.

Wateja walikuwa mtu na mkewe. Mume alienda kukagua dari. Mke akapitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha, kikatoka safi, akamgeukia Kitinda kwa uso mwema. Wema huo ndio uliomchoma.

"Hongera, dada. Umefanya kazi hapa muda mrefu?"

Uongo alikuwa nao tayari, ila ulimi ukagoma.

"Tangu nizaliwe."

Dalali akakohoa. Mke akamtazama kaka, naye kaka akatoa tabasamu lake la mikutanoni.

"Mama yake naye alikuwa mtumishi humu," akasema. "Huyu kazaliwa kule chumba cha nyuma. Tumeishi naye kama ndugu."

"Ndiyo maana kazi anaijua," mke akasema, akiitikia kwa kichwa.

Kitinda akaacha kufagia. Akauegemeza ufagio ukutani.

"Mtajie mgeni jina, kaka. Huyo mtumishi aliyetuzaa mimi na wewe, mtajie jina lake."

Kaka akainama, akajifanya anapangusa kiatu. Mume akarudi kutoka chumbani, akamwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, kisha akamshika mkewe mkono. Walisema watapiga simu. Dalali akawakimbilia hadi getini akiapa kwamba karatasi zote ni safi.

"Umefurahi?" kaka akafoka. "Lilikuwa neno tu! Neno la kuuzia nyumba!"

"Ungeniita mimi mfanyakazi mpaka kesho, ningefagia," Kitinda akasema. "Nimeshazoea. Lakini yule ni mama."

"Mama ameshakufa. Hasikii."

Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayetaja hali ya hewa, huku akitafuta namba ya dalali kwenye simu. Kitinda akaketi juu ya ndoo ya rangi iliyofunikwa. Miaka yote hiyo alidhani kaka yake ana neno la shukrani analomnyima. Sasa alijua kwamba hakuwa nalo.