Meno ya Mpiga Tarumbeta

"Yanatafuna vizuri," mzee alisema, "lakini hayaimbi."

Akayatoa mdomoni meno niliyomtengenezea, akayaweka juu ya kaunta yangu kama mtu anayerudisha viatu vilivyombana. Kisha akafungua mfuko wa kitambaa aliokuwa ameupakata, akatoa tarumbeta lililopauka, akalilaza kando ya meno. Nikavitazama vitu vile viwili, nikajua siku yangu imeharibika.

Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu nifungue karakana ya meno ya bandia, chumba kimoja nyuma ya duka la miwani, chenye harufu ya plasta mbichi na nta iliyoyeyuka. Meno yale nilijivunia. Sita ya mbele nilikuwa nimeyapanga yakalingana kama shanga, hata unywele usingepita.

"Mzee, kwa umri huu, tarumbeta la nini tena?" nilimuuliza. Mpaka leo nikilikumbuka swali lile naona haya.

Hakukasirika. Alinieleza kwamba kabla sijazaliwa alikuwa katika bendi ya watu saba, wakipiga jazi na soul katika klabu ya wafanyakazi wa reli, na watu wakicheza mpaka wanavua viatu. Mchana mmoja waliitwa studio ya redio, wakarekodi nyimbo tisa. Hazikurushwa hata mara moja. Wakubwa wa redio walibadilishwa, wapya wakasema muziki ule hauna adabu, kanda zikatoweka. Bendi nayo ikasambaratika. Yeye akaishia kuwa karani wa bohari.

"Sasa nimestaafu, mke wangu ametangulia, nyumba imekuwa kimya mno," alisema. "Nataka kupiga wimbo mmoja tu, ule tuliorekodi mwisho. Nikipuliza, sauti inatoka, ila si yangu. Ni ya mtu mwingine kabisa."

Nilirekebisha meno mara tatu. Niliyapunguza, nikayainua, nikayakaza. Kila mara alipuliza mle mle karakanani, jirani wa miwani akagonga ukuta, na kila mara mzee akatikisa kichwa. Mwishowe nikamwambia ukweli: sijui ninachokitafuta. Labda ningeisikia hiyo sauti ya zamani, ningejua.

Alilipapasa tarumbeta kwa kidole gumba.

"Kama zile kanda zimebaki, mtu wa kuwa nazo ni mmoja tu," alisema. "Fundi mitambo aliyeturekodi. Nilimwita msaliti mbele za watu. Nilisema ameifuta kazi yetu. Amekufa hatusemezani."

"Hakuacha mtu?"

"Kamwacha mkewe. Lakini binti yangu, pale mlangoni nitaanzia wapi?"

Jumamosi asubuhi nilifunga karakana, nikamshika mkono, tukaenda.

Mjane alikuwa anafua. Alitufungulia mlango mikono ikiwa na povu hadi kwenye viwiko, akamtazama mzee kutoka kofia mpaka viatu.

"Shemeji, hujambo," mzee alisema.

"Mimi si shemeji yako. Shemeji zangu walikuja msibani."

Mzee akavua kofia. Nilidhani atajitetea, maana wanaume wa rika lake nawajua.

"Ni kweli, sikuja," alisema. "Niliona aibu. Yeye nimeshamchelewa, kwa hiyo nimekuja kukuomba radhi wewe."

Mjane alijipangusa mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha akaingia ndani bila kusema karibu, ila mlango aliuacha wazi. Tukamfuata.

Juu ya kabati la nguo kulikuwa na sanduku la bati. Ndani yake, zimeviringishwa kwa shuka la watoto, mlikuwa na kanda mbili kubwa za magurudumu, na juu ya kila boksi majina saba kwa mwandiko wa kutulia.

"Walimwamuru azifute," mjane alisema. "Akafuta kanda nyingine, hizi akazileta nyumbani ndani ya kikapu cha mboga. Ingejulikana, kazi hana, na mimi nina watoto wanne. Ndiyo maana ulipomtukana alinyamaza. Alirudi akaniambia, mwache, ana uchungu."

Mzee aliketi kitandani bila kukaribishwa. Akajifunika uso kwa kofia.

Mashine ya marehemu ilikuwepo, ila mpira wa kuzungusha magurudumu ulikuwa umeoza. Nikafungua nywele zangu, nikaifunga raba niliyozibania mahali pake. Muziki ulitoka ukiyumba, kama mtu aliyeamshwa ghafla, halafu ukapata miguu. Besi ikatangulia, kinanda kikaifuata kwa mbali, na baadaye likaingia tarumbeta.

Kabla ya kila noti kulikuwa na pumzi. Ndogo sana, kama ya mtu anayetaka kukunong'oneza jambo. Mimi mtu wa meno, nikajua hewa ile inapita kati ya meno mawili.

"Mzee, ulikuwa na mwanya?"

"Nilikuwa nao."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Halafu ulivyoyapanga kwa ufundi vile, nikaona nitakuvunja moyo."

Mjane aliangua kicheko, cha kwanza tangu tufike. "Mwanya? Ule ulikuwa mlango! Wasichana walikuwa wanaufuata klabuni."

Nimetengeneza meno ya watu wengi tangu hapo, lakini hakuna yaliyonitoa jasho kama yale: kuyaharibu kwa makusudi, na kuyaharibu sawasawa. Alipoyajaribu alipuliza noti moja tu. Pumzi ikaja kwanza, kisha sauti. Akalishusha tarumbeta, akanitazama.

Kanda tulizinakili. Mtangazaji mmoja alikubali kuzirusha hewani kwa sharti la mjane: jina la mumewe litajwe kabla ya majina yote saba. Wiki ile simu zikaanza. Mpiga besi alikuwa hai, anauza mbao mji wa mbali. Mwimbaji alikuwa hai, bibi wa wajukuu tisa, na aliyepiga simu alikuwa mjukuu, maana mwenyewe alikuwa analia.

Walikutana sebuleni kwa mjane, wazee watatu waliopatikana, na vyombo viwili. Mpiga besi alikuwa amesahau nusu ya nyimbo na alikana kabisa kuwa amesahau. Mwimbaji aliomba viti visogezwe, ili akichoka apate pa kushika. Mjane akavuta chake, akakaa katikati yao.

"Haya," akasema, "mnangoja nini?"

Wakaanza wimbo ule waliorekodi mwisho. Kila mmoja alianza pake, wakapotezana, wakacheka, wakaanza upya.