Jasho la Droo ya Pili

Kila asubuhi kabla ya kazi, Shabnam alianika bafuni shuka zilizolowa jasho lake la usiku, zikidondoka maji kana kwamba ndiyo kwanza zimefuliwa. Wiki ya sita hiyo. Mumewe, Fatehali, alishahamia kwenye kochi. Daktari alipima, hakuona kitu. Basi Jumamosi Shabnam akapanda basi la kwenda kituo cha Kipling, akaunganisha treni hadi mtaa wa Spadina, kwa mama mmoja wa Kichina anayeuza mitishamba. Yule mama akamshika mkono, akasikiliza mapigo, akamfungia kwenye karatasi ngano iliyosinyaa, maganda ya chaza na mizizi.

"Chemsha kwa maji matupu," akamwambia.

Maji matupu! Mtu wa Tanga huyo unamwambia? Shabnam akatoa sufuria ya chai, akatia maziwa, iliki, tangawizi na sukari ya kutosha, akanywa vikombe viwili. Jumapili akaamka mkavu.

Jumatatu ofisini, kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, alikuta kabati la mafaili linavuja. Droo ya pili. Akafuata maji kwa kidole, faili kwa faili, mpaka kwenye ripoti aliyoichapa mwenyewe mwezi Julai, siku kibarua wao Dismas alipoanguka kwa joto akipakua kontena, akaumia mguu. Feni zilikuwa mbovu wiki nzima. Meneja alisimama nyuma ya kiti chake, akamwambia aandike zilikuwa zinazunguka. Akaandika, akatia sahihi. Jasho lilikuwa linatoka kwenye sahihi.

Akampigia simu yule mama.

"Uliweka maziwa?"

"Kidogo tu."

"Kwa maziwa jasho halikauki. Linarudi lilikotoka."

Meneja alionja maji ya droo kwa ncha ya kidole, akasema ni chumvi, haitaharibu zulia. Akaleta ndoo. Shabnam akarudi kwenye kompyuta yake, lakini hakukaliki: mara ainuke, mara akae, mara afunge droo iliyokwisha kufungwa.

Alhamisi akaja Dismas, akiburuta mguu.

"Shikamoo, Mama Hawra."

"Marahaba. Pole, Dismas."

"Watu wa bima wamenikatalia. Wanasema nilikuja na ugonjwa wangu. Wewe ulikuwepo. Feni zilikuwa zinazunguka?"

Sentensi moja tu. Akiichapa upya, Dismas anatibiwa, na yeye kesho hana kazi, binti yake Hawra hana chuo.

"Ngoja nitazame faili," akasema.

Akavuta droo. Wino wote ulikuwa umeyeyuka isipokuwa mstari mmoja, na huo ulisomeka vizuri sana.

"Imeandikwa zilikuwa zinazunguka."

Dismas akatazama chini, penye ndoo.

"Ndoo imejaa. Usiinyanyue wewe, utaumia mgongo."

Akaibeba hadi kwenye sinki, mguu ukimfuata nyuma, akaimwaga. Akairudisha palepale, akaisogeza kidogo ili ipokee vizuri.

"Ahsante," akasema Shabnam.